BARAZA LA KARANI: Kitabu Kilichokutwa Sandukuni



Jumapili moja baada ya Misa ya kwanza, baba mmoja wa kigango chetu aliingia ofisini, akafunga mlango, akatoa kitabu chini ya koti lake. Alikuwa amekikuta katika sanduku la binti yake wa kidato cha tatu, aliyekuja likizo.

"Karani," akasema, "nilipoona jina nilifurahi. Rosa Mistika! Si ndilo jina la Mama Bikira Maria katika litania? Nikadhani mtoto anasali huko bwenini. Nikakaa chini ya mti nikaanza kusoma. Lo! Sikufika mbali, jasho likanitoka. Naomba Padre akipige marufuku."

Nilicheka kidogo, kisha nikaona haya, maana mzee yule hakuwa na mzaha. Nikamweleza kwamba si yeye wa kwanza kushtuka. Kitabu hicho kiliandikwa na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, aliyesoma seminari ya Nyegezi. Kilipotoka mwaka 1971 kilileta ghadhabu kubwa, kikakatazwa mashuleni. Baadaye kikarudi, kikafundishwa. Habari yake ni ya msichana Rosa na baba yake Zakaria, mlevi na mkali, ambaye humpiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, humchunga kama ndama, lakini haketi naye hata siku moja kumweleza dunia ilivyo. Basi binti anapokwenda kusoma mbali na macho ya baba, hana ngao yoyote. Mwisho wake unaumiza moyo, nami siusemi hapa.

"Mzee wangu," nikamwambia, "Padre yuko safarini vigangoni hata Alhamisi. Kimalize kwanza, ndipo uje tumwombe akizuie."

Alirudi baada ya wiki tatu. Hakusema neno juu ya Zakaria. Aliweka kitabu mezani akauliza, "Huyu mwandishi anakaa wapi? Nina jambo la kumwuliza." Ikanibidi kumwambia kwamba Kezilahabi alifariki Dar es Salaam mwezi wa Januari mwaka 2020. Akanyamaza kitambo. "Basi nimechelewa," akasema, akavaa kofia yake akaenda zake.

Sitaki kueleweka vibaya. Mtoto wa darasa la saba simpi kitabu hicho, na atakayesema karani ameruhusu atakuwa amenisingizia. Lakini kijana wa kidato cha tatu ambaye baba yake amekisoma pia, na wote wawili wanajua kwamba mwenzake amekisoma, huyo simhofii.

Tena niwaambie, wazazi, binti yule ana bahati. Kitabu alikisoma chenyewe. Watoto wetu wengi wa sekondari hapa kwetu Singida hufanya mtihani wa riwaya ambayo hawajapata kuishika mkononi. Shuleni kuna nakala nne kwa darasa zima, nazo zimefungiwa kabatini zisipotee. Mtoto hununua kijitabu cha uchambuzi, ambamo mtu mwingine amekwisha kumsomea, akampangia dhamira, migogoro na ujumbe, naye hukariri kama kasuku. Nilimjaribu kijana mmoja juu ya Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo ya mwaka 2002. Akanitajia dhamira sita bila kukwama. Nikamwuliza, "Wale watoto, Peter na Zita, walifukuzwa shule kwa sababu gani?" Akatazama chini. Naye mwenyewe muhula ule alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare! Habari yake ilikuwa mle kitabuni, wala hakuijua.

Kwa hiyo mwaka jana kamati ya wazazi pamoja na mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ya jirani walijaribu njia nyingine. Tulimwalika mwandishi wa riwaya, mwalimu mstaafu kutoka mkoa mwingine. Alishuka kwenye basi na mwavuli na mfuko wa vitabu, na watoto waliotumwa kumpokea walimpita wakaenda kumtafuta mtu mwenye tai.

Hapo tulifanya kosa, nalo nalitaja msije mkalirudia. Ngoma, kwaya, risala, hotuba ya mgeni wa heshima. Mimi nami nilisema dakika ishirini. Vitabu vyake watoto hawakuwa wamevisoma, maana vilifika pamoja naye. Walipopewa nafasi ya kuuliza, wakauliza ya uchambuzi: "Dhamira kuu ya kazi yako ni nini?" Mzee akawaambia hata yeye hana hakika nayo. Walimu wakatazamana.

Ndipo akatoa daftari kubwa lililochakaa, ambamo aliandika kitabu chake kwa mkono. Kurasa nzima zilikuwa zimekatwa kwa wino, pembeni pameandikwa upya, tena pamekatwa. Watoto wakaacha viti vyao kwenda kuona. Mtu mzima, mwalimu, naye hukosea kiasi hiki! Kisha akawasomea. Alisoma habari za mama aliyebisha hodi usiku nyumbani kwa shemeji yake, na mlango ulipoanza kufunguliwa akafunga kitabu, akaomba maji ya kunywa. Kelele ile ilisikika hata parokiani.

Nakala alizoacha zilikuwa tano. Kesho yake zamu za kusoma ziliandikwa ubaoni, siku mbili kila mtu. Kijana mmoja alikichukua nyumbani, akakisoma machungani, mbuzi wakaingia katika alizeti ya jirani. Baba yake alilipa fidia. Alikuja kwangu kulalamika, nami nilimpa pole ya kweli, lakini mama wa kijana alinidokeza kwamba jioni mzee huyo huyo humwambia mtoto, "Haya, endelea pale ulipoishia jana."

Parokia zinazotaka kujaribu, gharama si ya kutisha: nauli ya basi, chakula, kitanda katika nyumba ya wageni ya parokia. Vitabu ndivyo vya kuanza navyo, mwezi mmoja au miwili kabla ya mgeni. Bei ya jogoo mmoja mzuri wa kwetu hununua riwaya. Waandishi wapo. Tangu mwaka 2022 iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi wa kwanza walipewa zawadi zao tarehe 13 Aprili 2023. Wengi wa watu hawa wana kazi nyingine za kila siku. Shaaban Robert mwenyewe, aliyefariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali, akianzia idara ya forodha. Nalisema hili kwa furaha, maana makarani hatusifiwi mara nyingi.

Yule baba wa sandukuni alikuja tena mwezi uliopita. Amesikia habari za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na kwamba riwaya yake moja ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, jina lake Peponi. Akaniuliza kwa uangalifu kama hicho ni cha dini. Nikamjibu hapana: ni habari za mtoto Yusuf, aliyetolewa na baba yake kwa tajiri kwa ajili ya deni. Akafikiri.

"Baba tena," akasema.

Tumekubaliana tukinunue kwa shirika, nusu yake nusu yangu. Yeye atakisoma kwanza, kisha binti, kisha mimi.