Pilau ya Sikukuu Ina Deni

Kila Idi au Krismasi inapokaribia, huibuka watu wa kutufundisha kwamba pilau ni "chakula chetu cha asili" tangu na tangu. Napinga. Jina lenyewe ni la Kiajemi. Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, ikaenea Unguja na Pemba katika karne ya 19 kwa jasho la watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria hadi 1897. Hata Kariakoo, tunakojazana kununua bizari na mdalasini, jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa vita vya Waingereza, na maelfu wakafa.

Sisemi tuiache pilau. Ninachokataa ni kulifanya neno "asili" ufagio wa kufagilia historia. Chakula hiki ni chetu kwa sababu waliokipalilia na kukibeba walikuwa wetu. Anayewasahau hao asituhubirie utamaduni. Na mbeba mizigo wa Kariakoo ya leo, mwenye gunia la mchele mgongoni, alipwe ujira wa haki kabla hatujapakua.