Fungu la klabu ndogo lisitafutwe mlangoni

Siku ya mechi ya Simba au Yanga, kibanda umiza hujaa, iwe Kariakoo au Munisagara kule Kilosa. Shabiki analipa kiingilio, mwenye kibanda analipia kisimbuzi. Fedha kama hizo ndizo zinazoubeba mkataba wa Azam Media na TFF wa mwaka 2021: Sh225.6 bilioni kwa miaka 10.

Kwenye kapu hilo kila timu ya Ligi Kuu ina chake, Mtibwa Sugar ya huko huko Morogoro ikiwemo. Mwaka 2013 Yanga iliupinga mkataba wa Azam TV ikitaka fungu kubwa kuliko wenzake, kwa kuwa ndiyo yenye watu. Hoja ile haikuwa ya kijinga, ila Yanga haiwezi kucheza peke yake.

Pengo lenyewe liko nje ya kapu. Mwaka 2022 Simba ilisaini na M-Bet Sh26.1 bilioni kwa miaka mitano. Mwaka 2024 NBC ikaongeza udhamini wa ligi kwa Sh32.6 bilioni, nao wa miaka mitano. Yaani kifua cha jezi ya klabu moja kilikaribia bei ya ligi! Si ajabu tangu Mtibwa ibebe ubingwa 1999 na 2000, ni Azam pekee, mwaka 2014, iliyouchomoa mikononi mwa wakubwa hao wawili.

Wapo wanaotaka mapato ya mlangoni yagawanywe kati ya mwenyeji na mgeni. Wanaitakia mema klabu ndogo, lakini wanaiumiza. Simba ikiikaribisha timu ya mkoani Dar, mara nyingi majukwaa yanapwaya. Simba hiyo hiyo ikienda mkoani, watu wanapanda hadi juu ya miti. Mechi ya Simba na ya Yanga ndizo sikukuu mbili za mhasibu wa klabu ndogo, na ndiyo maana wengine huzihamishia kwenye uwanja mkubwa zaidi, hata nje ya mkoa. Mgeni akikatiwa chake hapo, mwenyeji atabaki na nini?

Kigawanywe kile cha wadhamini. Kwenye besiboli ya Marekani, kila moja ya klabu 30 za ligi kuu inaingiza asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani kwenye mfuko mmoja, kisha zote zinagawana sawa. Bongo hakuna haja ya kufika huko. Asilimia tano tu ya fedha ile ya M-Bet ni Sh261 milioni kwa mwaka. Kwa timu 16, kila moja inapata zaidi ya Sh16 milioni, nauli ya safari kadhaa za basi, na huyo ni mdhamini mmoja.

Wamarekani nao wana shida yao. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kiliwasilisha malalamiko dhidi ya Miami, Oakland, Pittsburgh na Tampa Bay, kikidai hazitumii fedha za mgao kuimarisha timu. Hapa, ambako mchezaji anadai mshahara wa miezi mitatu huku kiongozi akibadilisha gari, mgao usio na masharti utaishia mifukoni. TFF ndiyo inayotoa leseni za klabu. Sharti liandikwe humo: asiyeleta uthibitisho kwamba mishahara imelipwa, fungu lake libaki benki mpaka alete.