Ndoo Kumi na Moja kwa Siku

Kuna sentensi moja ambayo ningeweza ningeipiga marufuku Mji Mkongwe mzima: "Hilo jambo dogo tu, mradi maji yanatoka." Nimeambiwa na mwenye nyumba, nimeambiwa na majirani, na juzi nimeambiwa na mwenzangu wa shahada ya uzamili, ambaye tasnifu yake, jamani, ni ya uhaba wa maji. Jambo lenyewe ni tangi la choo linalovuja ndani kwa ndani usiku kucha.

Dogo kwa kipimo gani? Nyumba tunayopanga haina mita, bili ni ileile kila mwezi, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kupima. Mimi nilipima. Nilifunga koki, nikatia alama ya penseli ndani ya tangi la lita 9, nikasubiri dakika 20. Theluthi nzima ikawa imeshuka. Hizo ni lita 9 kwa saa, lita 216 kwa siku: karibu ndoo 11 za lita 20. Na katika nyumba hiyohiyo, bomba likikauka, ndoo hupandishwa ngazi na akina mama na watoto wa kike. Sijamwona bado mwanamme wa "jambo dogo" akiwa na ndoo kichwani.

Unguja hatuna Rufiji wala Pangani. Tunachokunywa ni mvua iliyozama kwenye mawe, ikavutwa juu kwa pampu, na umeme wa pampu unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Aliyekuwepo kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, umeme ulipopotea karibu miezi mitatu, anajua maana yake. Nilikuwa mtoto, dumu langu lilikuwa la njano. Maji hayohayo, yenye gharama yote hiyo, sasa yanapita chooni bila kumtumikia mtu na kuishia baharini pamoja na uchafu wa mji.

Utaniambia hoteli ndizo zinazotumaliza. Kweli kabisa. Ripoti ya shirika la Uingereza, Tourism Concern, ya mwaka 2012 ilieleza kuwa mtalii hapa Zanzibar hutumia maji mara 16 zaidi ya mwenyeji, na ilitazama Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Tuwadai. Lakini tutawadai kwa uso gani huku choo kinalia nyuma yetu? Chuoni mtoto hufundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa kibaba na kukoga kwa pishi. Kibaba hakijazi chupa ya lita moja.

Halafu mafundi. Wa kwanza kuja kwetu hakufungua hata kifuniko, akasema tununue tangi jipya. Usikubali. Tia rangi ya biriani kidogo ndani ya tangi, usivute maji, subiri nusu saa. Rangi ikitokea chini kwenye bakuli, mpira wa kuziba haukai sawa. Mara nyingi ni ukoga wa chokaa tu, maana maji yetu yametoka kwenye mawe ya chokaa: ukwangue. Ikishindikana, mpira mpya utaupata Darajani kwa bei isiyozidi sahani mbili za urojo. Na kama maji yanamwagikia kwenye mdomo wa kile kibomba kilichosimama katikati ya tangi, mpira hauna kosa. Boya limekaa juu mno, lishushe.

Kwetu ulikuwa mpira. Nilipomaliza nikashuka na kopo la rangi kwa majirani, na vyoo viwili kati ya vitatu vikatoa rangi ya machungwa. Nikampelekea mwenye nyumba picha kwa simu. Akauliza mipira atalipa nani. Nimeikata kwenye kodi ya mwezi huu, yote mitatu.