Wanadabaso, Kura Yetu Iwe na Upande

Mwaka 2013 sisi wapigakura wa Kilifi Kaskazini tulimpeleka Gideon Mung'aro bungeni kwa tiketi ya ODM. Mwaka 2017 alirudi kwetu akiwa Jubilee, akiomba ugavana, akabwagwa na Amason Kingi wa ODM. Mwaka 2022 Mung'aro akarudi kwenye chungwa la ODM, na ugavana akaupata. Kingi naye kufikia hapo alikwisha kuihama ODM. Alikuwa ameunda chama chake cha PAA, akakiingiza katika muungano wa Azimio, akakitoa, akakivusha hadi muungano wa Kenya Kwanza, na Septemba mwaka huo akakalia kiti cha Spika wa Seneti. Owen Baya alichaguliwa mbunge wetu mwaka 2017 kwa chungwa, akarudishwa mwaka 2022 kwa wilibaro ya UDA. Aisha Jumwa, aliyeingia bungeni mara mbili kwa ODM, aliwania ugavana mwaka huo huo wa 2022 kwa UDA.

Siwataji kwa chuki. Kuhama chama ni haki ya mtu. Nawataja kwa sababu kuna swali ambalo wapigakura wa Kilifi hatuwaulizi wanasiasa wetu: unapohama, umebadili fikra gani? Jana ulikuwa na msimamo gani juu ya ardhi ya Pwani, na leo msimamo wako ni upi? Jana ulitaka nani alipe kodi zaidi, tajiri au mvuvi, na leo unataka nani alipe? Tunachoambiwa ni kwamba lazima tuingie serikalini tusije tukabaki nje. Basi. Tunapiga makofi, tunagawiwa leso na fulana, tunakwenda kupiga kura ya suti, chama kimoja kuanzia rais hadi mwakilishi wadi, halafu miaka mitano tunalia.

Nasema wazi: kura isiyo na upande ni kura ya bure. Anayeipata haoni deni lolote kwetu, kwa sababu hatukumpa kazi ya kufanya. Tulimpa rangi ya kuvaa.

Kuna wasomi na wanasiasa wanaotuambia kwamba mambo ya mrengo wa kushoto na mrengo wa kulia ni ya Wazungu, kwamba siasa ya Kenya ni ya watu na makabila tu. Huo ni uongo unaowafaa wao. Kushoto na kulia ni maswali matatu au manne yanayomgusa kila binadamu aliye chini ya serikali. Mali ya nchi iwe ya nani? Nani abebe mzigo wa kodi? Mgonjwa asiye na pesa atibiwe na nani? Soko liachwe lijiendeshe, au serikali iingilie kati kumlinda mnyonge? Wa kushoto hutaka mali nyingi ziwe za umma na matajiri wachangie zaidi. Wa kulia hutaka kila mtu awe na chake, kodi iwe ndogo, serikali ikae kando. Mwaka 1945 Waingereza walipokichagua chama cha Labour walijua wanachagua nini, na mwaka 1948 wakapata matibabu ya bure. Mwaka 1979 walipomchagua Margaret Thatcher, walipata mtu aliyeuza mashirika ya umma mchana kweupe. Jirani zetu wa Tanzania walipotangaziwa Azimio la Arusha mwaka 1967, aliyelipenda alijua analipendea nini, na aliyelichukia alijua analichukia kwa nini.

Sasa tazama Dabaso yetu, hapa Kilifi Kaskazini, uniambie kama maswali hayo si yetu.

Shuka hadi hori la Mida. Kuna kikundi cha wenyeji kinachopanda mikoko, kinachofuga kaa, na kilichojenga mkahawa wa mbao juu ya nguzo katikati ya mikoko, ambako wageni wa Watamu huja kula sambusa za kaa jua likitua. Hakuna bwenyenye anayeumiliki. Mapato yanarudi kijijini na mikoko inabaki imesimama. Watu wenye mali ya pamoja, wakiitunza pamoja na kugawana faida: hiyo ni siasa ya kushoto, na inafanya kazi hapa hapa bila kumsoma Karl Marx. Atakuja mtu wa kulia aseme mkiacha mwekezaji mmoja mwenye mtaji aichukue sehemu hiyo, atajenga kubwa zaidi na ataajiri wengi zaidi. Hoja yake nayo ina uzito wake. Ninachotaka ni mgombea asimame mbele yetu aseme yuko na nani kati ya hao wawili. Hajasema bado, na sisi hatujamlazimisha.

Chukua ardhi. Mwaka 1908 wakoloni walitunga sheria ya hatimiliki kwa ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Waliokuwa na karatasi walidai, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Mfalme wa Uingereza. Mijikenda aliyelima hapo tangu enzi za babu zake akageuka skwota kwenye shamba lake mwenyewe. Uhuru ulikuja mwaka 1963 na sheria ile ikaendelea. Mpaka leo kuna familia Kilifi zinazozika wazazi wao kwenye ardhi ambayo hatimiliki yake ina jina la mtu wasiyewahi kumwona. Mrengo wa kushoto una jibu: serikali iichukue ardhi ya wamiliki wasioishi hapa na iwape wanaoilima. Mrengo wa kulia una jibu: hati ya mwenye hati iheshimiwe, anayetaka ardhi anunue, na serikali isaidie kwa mkopo. Wanasiasa wetu wana jibu la tatu: picha ya kugawa vyeti vichache mwaka wa uchaguzi. Hilo ni jibu la mtu anayetaka tuendelee kuomba.

Ufuo nao vivyo hivyo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Lakini mvuvi wa Watamu au wa Malindi anajua ni njia ngapi za kwenda baharini zilizozibwa kwa kuta. Anayejenga ukuta ule anatetewa na nani? Anayeubomoa atatetewa na nani? Hapo ndipo upande wa mtu unapojulikana.

Na korosho? Kiwanda cha Kilifi kilianza kazi miaka ya 1970, mkulima akawa na pa kupeleka mazao yake. Miaka ya 1990 kikabinafsishwa, na haikupita muda kikafa. Tangu hapo mkulima anauza kwa dalali kwa bei ya dalali. Kila mwaka wa kampeni tunaahidiwa kwamba kiwanda kitafufuliwa. Kifufuliwe kiwe cha nani? Cha kaunti? Cha ushirika wa wakulima? Cha tajiri mmoja? Asiyejibu hilo hana mpango wowote, ana kipaza sauti.

Tuliufikiaje unyonge huu wa kuchagua bila upande? Si bahati mbaya. Kenya ilikuwa na mrengo wa kushoto, na ukavunjwa kwa makusudi. Pio Gama Pinto, mbunge aliyesimama na wasio na ardhi, alipigwa risasi Nairobi Februari 1965. Mwaka huo huo serikali ikatoa Waraka Nambari 10 ulioitwa wa Ujamaa wa Kiafrika, ulioandaliwa na Tom Mboya. Jina lilikuwa la kushoto, lakini ndani yake mlikuwa na maagizo kwamba fedha za maendeleo ziende kule ambako tayari kuna ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ili zizae haraka. Ganze haikuwa na mvua hiyo. Magarini haikuwa na barabara hizo. Pwani ya ndani ikaachwa nyuma kwa mpango ulioandikwa na kupigwa chapa, na hatukuulizwa.

Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga na Bildad Kaggia waliunda chama cha KPU, wakataka ardhi iwafikie maskini. Serikali ilibadilisha Katiba kwa haraka ili kila mbunge aliyehamia kwao arudi kwa wapigakura upya. Mwaka 1969 chama kikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Tuizingatie historia hiyo. Waliohama kwa ajili ya fikra walilazimishwa kurudi kwa wapigakura mara moja. Wanaohama leo kwa ajili ya vyeo hupita kwa mikataba ya miungano, na wapigakura hatuulizwi chochote hadi miaka mitano iishe.

Matokeo yake ni vyama ambavyo hata jina halikuambii kitu. Mwaka 2022 Chama cha Kikomunisti cha Kenya kilijiunga na Kenya Kwanza. Chama kilichojiita cha wakomunisti kikaingia chungu kimoja na chama cha wilibaro! Novemba 2025 Magarini ikafanya uchaguzi mdogo. Stanley Kenga, aliyeshindwa kwa kura 21 mwaka 2022 akiwa UDA, safari hii aligombea kwa chama cha DCP. UDA nayo ikamuunga mkono Harrison Kombe wa ODM, aliyeishinda UDA hiyo hiyo mwaka 2022, na Kombe akashinda tena. Mpigakura wa Gongoni, huko huko Magarini, alitakiwa kuchagua nini hapo? Wanaoishi karibu na viwanda vya chumvi vya huko wana malalamiko ya ardhi na maji yaliyosikizwa na tume ya haki za binadamu tangu miaka ya 2000. Ni nani alisimama upande wao dhidi ya wenye viwanda? Hilo ndilo lililostahili kuwa mada ya uchaguzi ule.

Sikubali kuambiwa kwamba mpigakura wa Pwani ni mjinga. Mama anayepokea unga na noti ya mia mbili jioni ya kuamkia uchaguzi anajua hesabu yake. Kwa miongo mingi barabara, kisima na basari vilikuja kupitia mkono wa mtu, hivyo alimtafuta mtu. Anayempenda "mtu wetu" alijifunza hivyo kutoka kwa serikali iliyomfundisha kwamba haki ni zawadi. Lakini tangu 2013 tuna serikali ya kaunti na bajeti yake, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya afya, maji, chakula na makao. Haki haihitaji kufahamiana na mtu. Tukiendelea kuiomba kama hisani, tumeirudisha wenyewe.

Na kodi ndiyo inayotuumbua kuliko yote. Mwaka 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. VAT haimuulizi mtu ana kiasi gani. Dereva wa bodaboda wa Gede analipa asilimia ile ile anayolipa mwenye jumba la ufuoni. Kwenye bima mpya ya afya, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi, lakini bima hiyo ilipoanza, mvuvi asiye na mshahara alitakiwa kutoa ya mwaka mzima kwa pamoja. Nani aliyechagua hivyo? Wabunge. Na wabunge hao walichaguliwa kwa rangi. Juni 2024 vijana wa Kenya waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakajaza barabara bila kumuuliza mtu kabila lake, na rais akakataa kuutia saini. Wapo waliouawa. Waliotangulia kwa damu walituonyesha kwamba Mkenya anaweza kuchagua upande kwa hoja. Sisi tunashindwaje kwa karatasi ya kura?

Mimi msimamo wangu siufichi. Juu ya ardhi, hospitali na ufuo niko kushoto: ardhi iwe ya anayeilima, hospitali iwe ya umma na iwe na dawa, ufuo uwe wazi. Wewe ukiwa wa kulia, ukiamini hati, biashara huru na kodi ndogo, sina ugomvi nawe. Tutabishana, na mgombea wako atapambana na wangu kwa hoja. Ugomvi wangu ni na yule asiye na upande, anayekuja na msafara wa magari, anayetoka chama hiki kwenda kile bila kutueleza chochote, na kutarajia tumfuate kama kondoo.

Basi kila atakayepanda jukwaani kwetu aulizwe haya, mbele ya watu, na majibu yake yarekodiwe kwa simu. Utafanya nini na ardhi ya mmiliki asiyeishi hapa, na kwa sheria ipi? Kiwanda cha korosho kitakuwa cha nani? Kuta zinazoziba njia za baharini utazibomoa au utazilinda? Katika Mswada wa Fedha ujao utapiga kura ya kuongeza kodi ya nani? Na ukihama chama, utarudi kwetu kuomba kura upya au utakaa na kiti chetu? Atakayesema "hayo tutayaangalia tukiingia" huyo amekwisha kujibu: hana upande, na kura yetu si yake.

Wazee wa mitaa, walimu, kina mama wa vikundi, vijana wa bodaboda na wa boti, kazi hii ni yetu na hatutafanyiwa na mtu. Uchaguzi ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Jiandikishe, uliza, na usipopata jibu, mnyime kura.