Mkanda Si wa Trafiki, ni Wako

Vijana wenzangu, leo siandiki kuhusu katiba mpya wala tume ya uchaguzi. Naandika kuhusu sisi wenyewe, na naanza na kosa langu.

Juzi tulitoka kwenye kikao Mazimbu kuelekea Msamvu, magari machache na bodaboda. Mbele yetu pikipiki moja imepiga mshikaki: dereva na madogo wawili wa sekondari, wa nyuma kabisa anapeperusha bendera yetu. Kofia ngumu ilikuwa moja, na dereva kaivaa kwenye kiwiko. Walipomwona trafiki kwa mbali, dogo mmoja akashuka akatembea kwa miguu, dereva akahamishia kofia kichwani. Walipompita, dogo akapanda tena. Tukashangilia! Mimi nilikuwa kiti cha mbele kwenye gari, mkanda nimeuvuta kifuani na kuushika kwa mkono bila kuufunga. Trafiki alipobaki nyuma, nikauachia.

Usiku nikajiuliza: hivi nilikuwa namdanganya nani? Kila siku tunasema hatutaki kuishi kwa kuogopa mwenye sare. Mbona uhai wetu tunaulinda pale tu mwenye sare anapotutazama?

Hapa Mazimbu kuna Kampasi ya Solomon Mahlangu ya SUA. Mahlangu alinyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22, umri wetu. Alikufa akipigania nchi yake. SUA yenyewe ina jina la Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari katika mkoa huu huu tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma. Barabara haichagui. Tarehe 6 Mei 2017 kule Karatu iliondoka na wanafunzi 32 wa Lucky Vincent, walimu wao wawili na dereva. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Hao ni sisi na wadogo zetu.

Najua mtasema: serikali je? Ni kweli, inadaiwa. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na wanasheria wanawake wa TAWLA na wenzao wamepiga kelele miaka mingi kwamba ilimfikiria dereva na abiria wa mbele, ikamsahau wa kiti cha nyuma na mtoto mdogo. Hilo tulidai kwa nguvu zote. Tudai pia trafiki asimamie usalama, sio kukusanya faini na "ya soda".

Lakini sheria mpya haitakufungia mkanda. Mkanda ukifungwa unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa aliyekaa mbele hadi nusu. Ukishikwa kwa mkono, ni kitambaa tu. Aliyekaa nyuma bila mkanda, gari likigonga, anarushwa na kumwangukia wa mbele. Na kofia isiyofungwa kidevuni inaruka kabla yako.

Kwa hiyo napendekeza, kuanzia msafara ujao: hakuna mshikaki wenye bendera yetu. Hakuna kukaa dirishani mwa gari. Gari haliondoki hadi wote wafunge mikanda, wa nyuma pia. Na dogo ambaye hajafika miaka 18 asipewe usukani hata kama ni "hapo hapo tu." Wewe mdogo wangu wa form four, bodaboda akikuambia "panda, tutabanana," mwambie nasubiri nyingine. Hutaonekana mshamba.

Yule dogo wa bendera nilimtafuta Jumapili, nikamwomba radhi kwa kumshangilia. Akacheka, akasema, "Dada, mbona hata wewe hukufunga?"

Aliniona. Siku hizi nafunga.