Kaptembwo na ndoto ya Ligi Kuu: tuhesabu ngazi kabla ya kupanda

Msimu ukimalizika, mashabiki wa soka wa Kaptembwo kule Nakuru husema yale yale yasemwayo Likoni na Changamwe: mwaka ujao lazima tupande. Ni maneno matamu, na sina nia ya kumnyima mtu raha yake. Lakini yana gharama. Kijana wa miaka 19 akiahidiwa Ligi Kuu na asiione, huacha mpira. Mzee wa mtaa aliyechanga nauli msimu huu, akiona ahadi imepeperuka, msimu ujao hachangi.

Kwanza tuwape Nakuru haki yao. Huu si mji wa kubahatisha. Nakuru AllStars walikuwa mabingwa wa Kenya mwaka 1963, wakarudia tena mwaka 1969. Katikati hapo, mwaka 1965, taji lilikuja kwetu Mombasa kupitia Feisal. Kwa hivyo mtu wa Pwani na mtu wa Nakuru wote wana la kujivunia, na wote wana kidonda kimoja: majina yale makubwa leo ni hadithi za wazee. AllStars walirejea Ligi Kuu mwaka 2014, lakini msimu wa 2015 ulipokwisha wakashuka.

Halafu kuna Ulinzi Stars. Walitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 2003 hadi 2005, na tena mwaka 2010, na kuna wakati nyumbani kwao palikuwa uga wa Afraha. Baadaye wakahamia Nairobi. Timu ni ya jeshi, na jeshi ndilo lenye uamuzi. Shabiki wa Kaptembwo aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi Afraha kutazama Ligi Kuu alibaki na jezi tu. Sisi huku tuna Bandari, na tujiulize kwa ukweli: Halmashauri ya Bandari ikiondoa mkono wake, Bandari itabaki na nini?

Sasa tuje kwenye hesabu. Juu kabisa kuna Ligi Kuu. Chini yake ni Supa Ligi ya Taifa, kisha Daraja la Kwanza, kisha Daraja la Pili, kisha ligi za kanda, halafu ligi za kaunti na za mitaa. Timu ya mtaani inayocheza ligi ya kaunti, hata ikipanda kila mwaka bila kuteleza, inahitaji misimu mitano kufika Ligi Kuu. Anayekuambia ni mwaka ujao, ama hajahesabu ngazi au anatafuta kura.

Na ngazi ya mwisho ndiyo nyembamba zaidi. Katika misimu ya karibuni Supa Ligi imekuwa na timu 20. Mbili za juu hupanda moja kwa moja, na ya tatu hucheza mchujo na timu ya Ligi Kuu iliyo ukingoni mwa kushuka. Timu nyingine 17 hubaki pale pale au kushuka. Nakuru wanalijua hilo, maana St. Joseph's Youth yao imewahi kucheza ligi hiyo. Timu inayotaka kupanda bila kumtegemea mtu ilenge wastani wa pointi mbili kwa kila mechi. Katika mechi 38 hizo ni pointi 76, yaani ushinde 22, utoke sare 10, na usipoteze zaidi ya sita. Chukua msimamo wa timu yako wa msimu uliopita, ulinganishe. Kama ilimaliza na pointi 40, pengo lile halizibwi na kocha mpya na dua peke yake.

Mechi 19 kati ya hizo ni za ugenini. Kutoka Nakuru hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 600, kwenda tu. Kuna basi, chakula na malazi ya watu wasiopungua 20. Timu inayosafiri usiku kucha na kushuka garini saa tatu kabla ya mechi imeshapoteza nusu ya mchezo.

Waangalieni Shabana wa Kisii. Walishuka mwaka 2006, wakarudi Ligi Kuu mwaka 2023. Miaka 17! Mashabiki wao hawakuihama timu, ndiyo maana ilipopanda ilikuta watu wanaoingia uwanjani na kulipa kiingilio. Subira ya namna ile ni mtaji.

Basi shabiki wa Kaptembwo atarajie nini msimu ujao? Nionavyo mimi, timu iliyomaliza ndani ya nne bora ina haki ya kusema inawania kupanda ngazi moja. Iliyomaliza katikati, lengo lake liwe sita bora na kubaki na wachezaji wake wakuu. Iliyoponea chupuchupu, kutoshuka ndiyo kombe lake. Na zote ziulizwe maswali haya mapema: uwanja wa nyumbani ni upi, nauli ya mechi za ugenini iko wapi, na hesabu ya michango atatusomea nani?

Nasi mashabiki tujiulize letu. Vijana wetu, wa Kaptembwo na wa Kisauni, kila Jumamosi hutia shilingi 50 au 100 kwenye kamari ya mechi za Uingereza, za timu zisizowajua hata kwa jina. Mashabiki 200 wakitoa shilingi 50 kila wiki kwa timu ya mtaa, hizo ni shilingi 10,000 kwa wiki, na 40,000 kwa wiki nne. Hazitoshi kwa Ligi Kuu, lakini kwa ligi ya kaunti zinalipa matatu na maji ya kunywa.

Viongozi wa timu wakiitisha mkutano kabla ya msimu kuanza, nendeni. Lakini msikubali kuondoka na neno "tutapanda" peke yake. Waambieni waandike karatasini ni ngazi gani, kwa pesa zipi, na karatasi hiyo ibandikwe mahali kila mtu anapita.