Daftari la Wagonjwa Ndilo Shahidi wa Bei ya Dawa

Ndugu zangu wa Kailo, nanyi hasa mliokabidhiwa dhamana ya vituo vya afya na kamati zake, nawasihi mfungue makabati yaliyohifadhi madaftari ya wagonjwa, mkayasome kabla hamjabadili tena bei ya dawa. Kila asubuhi mwuguzi huandika humo umri wa mgonjwa, kijiji atokacho, maradhi yaliyomleta na dawa aliyopewa, na mwezi ukiisha hujumlisha hisabu zake akazipeleka ofisi ya zoni ya afya, zikaendelea hadi Kindu na Kinshasa. Nami naona ni kumdhulumu mwandishi huyo ikiwa hapana afunguaye alichokiandika kwa taabu hiyo yote.

Tangu mawaziri wa afya wa Afrika walipokutana Bamako mwaka 1987, imeenea desturi ya mgonjwa kulipia dawa ili fedha zake zinunue dawa nyingine, na katika nchi yetu ya Kongo, ambako wauguzi wengi hawafikiwi na mshahara wa serikali, malipo hayo yamekuwa ndiyo riziki yao. Kwa sababu hiyo bei ikipanda, mama mwenye mtoto wa malaria hukawia nyumbani, au hununua vidonge viwili vitatu sokoni kwa mtu asiyejua kipimo. Nayo ikishuka pasipo fidia, rafu za dawa hubaki tupu. Madhara yote mawili ni ya kweli, na wanaoshindana kwa maneno hawatatuamulia lililo zito.

Majirani zetu wa Uganda walipofuta malipo katika vituo vya serikali mwezi wa Machi 2001, watafiti hawakutosheka na maoni ya watu peke yake, bali waliyarudia madaftari ya vituo 78, wakalinganisha miezi ya kabla na ya baada, ikabainika kuwa wagonjwa wapya waliongezeka kwa zaidi ya nusu. La ajabu zaidi, hata waliokuja kwa chanjo na kliniki ya wajawazito waliongezeka, ilhali huduma hizo hazikuwa na malipo tangu awali. Yaani huenda hofu ya kudaiwa fedha ilikuwa ikiwazuia watu mlangoni pasipo mtu kuwadai kitu. Habari kama hiyo ingejulikanaje bila daftari?

Lakini tahadharini, maana shahidi huyu akiulizwa vibaya hupotosha. Usichukue mwezi mmoja wa kabla na mmoja wa baada ukadhani umepata hukumu, kwani mvua huleta malaria, surua huingia kijijini bila kubisha hodi, na machimbo ya Kailo huita watu mwezi huu na kuwatawanya mwezi ujao. Sharti utazame mwenendo wa miezi mingi kabla ya bei kubadilika, ujue ulikuwa ukipanda au ukishuka, kisha uangalie kama ulikatika palepale bei ilipobadilika. Na tena uweke kando yake kituo cha jirani ambacho bei yake haikuguswa, ili jambo lililovipata vituo vyote viwili lisihesabiwe kuwa kazi ya bei. Siku ambazo dawa zilikwisha nazo ziandikwe, kwa kuwa mgonjwa aliyekuta rafu tupu harudi, hata bei iwe ndogo namna gani.

Na yuko mtu ambaye daftari halimjui kabisa, yule aliyekufa kitandani kwake akiogopa deni. Huyo ataulizwa habari zake kwa wahudumu wa afya wa vijijini wapitao nyumba kwa nyumba, na ushahidi wao uwekwe pamoja na ule wa madaftari.

Anzeni basi na miezi 24 iliyopita, mistari 24 tu kwa kila kituo: wagonjwa wapya, watoto walio chini ya miaka 5, siku zilizokosa dawa, fedha zilizoingia, na karatasi hiyo ibandikwe ukutani, kando ya bango la bei, ambapo kila anayelipa ataiona.